Shule za sumaku ku Marekani: namna ya kusoma pointi za shule na hesabu ya watoto wake

Familia nyingi za Kivu ya Kusini, Kivu ya Kaskazini, Ituri, Maniema na Tanganyika ziko na ndugu ku Marekani. Katika mwaka wa hesabu wa 2016 peke yake, wakimbizi 16 370 wenye kutoka Kongo walipokelewa kule, na nchi yetu ilikuwa ya kwanza kati ya zote zenye watu waliopokelewa mwaka huo. Wengi walipitia makambi ya Nyarugusu ku Tanzania, Nakivale na Kyangwali ku Uganda, ao makambi ya Burundi na Rwanda. Tangu Januari 2025 mlango huo ulifungwa kwa sehemu kubwa, wakati Rais Donald Trump aliposimamisha programu ya kupokea wakimbizi. Lakini watoto waliokwisha kufika wako kule, na kila asubuhi wanaenda masomo.

Ku telefone, mazungumzo na hao ndugu yanarudi sana ku mambo ya shule. Mtoto amepata nafasi ku shule yenye wanaita « magnet ». Mzazi ameangalia ku intaneti, ameona shule ile iko na 3 ku 10, ameogopa. Mwingine ameambiwa na jirani kwamba kule kuko watoto masikini wengi, afazali atafute pengine. Na huku nyumbani, baba mkubwa ao shangazi anaombwa shauri juu ya kitu ambacho hajawahi kuona.

Katika habari hii tunaeleza shule hizo ni nini, zilitoka wapi, hesabu ya watoto inafanywa namna gani, na pointi zake zinasomwa namna gani. Tunachukua sana mfano wa Louisville, muji mkubwa wa jimbo la Kentucky, juu kule Kiswahili ni moja ya lugha zinazosemwa zaidi mu nyumba za watoto wenye kujifunza Kiingereza ku shule.

Shule ya sumaku ni nini?

Sumaku ni kile chuma chenye kuvuta chuma kingine. Shule ya sumaku ni shule ya Leta, bila minervali na bila prime, yenye kupewa kitu cha pekee ili ivute watoto kutoka kartiye mbalimbali. Kitu hicho kinaweza kuwa hesabu na sayansi, muziki na tamthilia, lugha ya kigeni, ao njia ya kufundisha ya Montessori. Ku Louisville, kwa mfano, shule ya msingi Lincoln inafundisha sanaa za jukwaani, na shule ya msingi Brandeis inajulikana kwa hesabu, sayansi na teknolojia.

Kwa kawaida, mtoto wa Marekani anaandikwa ku shule kufuatana na adresi ya nyumba yake. Uongozi wa shule umechora mipaka ku ramani, na kila mtaa uko na shule yake. Shule ya sumaku inatoka inje ya hiyo kanuni. Mzazi anaomba nafasi, na kama waombaji ni wengi kuliko viti, kunafanywa tombola, ao shule inachagua kufuatana na masharti yake.

Tusichanganye na shule ya binafsi. Ile inalipiwa. Tena tusichanganye na shule zenye wanaita « charter », ambazo zinapata feza za serikali lakini zinaongozwa na kikundi kingine. Shule ya sumaku iko chini ya uongozi uleule wa shule za muji, na walimu wake wanalipwa na uongozi huo.

Zilizaliwa juu ya ubaguzi

Mtu hawezi kuelewa hesabu za shule hizo kama hajui chanzo chake. Mpaka katikati ya karne ya 20, majimbo mengi ya Marekani, zaidi yale ya kusini, yalikuwa na sheria yenye kutenga watoto weusi na weupe ku shule. Tarehe 17 Mei 1954, Tribinali Kuu ya nchi ilikata kesi yenye kujulikana kwa jina la Brown, ikasema kutenga watoto kwa rangi ku shule za serikali ni kinyume cha katiba.

Sheria ikabadilika, lakini nyumba hazikuhama. Weusi waliendelea kuishi kartiye zao, weupe zao, na shule zikafuata kartiye. Tribinali mbalimbali zikaanza kuamuru watoto wapelekwe na bisi kutoka mtaa mmoja mpaka mwingine ili wachanganyike. Wazazi wengi weupe walikataa, wengine wakahamia inje ya muji. Mwaka 1974, Tribinali Kuu ikasema, katika kesi ya muji wa Detroit, kwamba shule za pembeni ya muji haziwezi kulazimishwa kuingia mu mpango huo kama haikuonyeshwa kwamba zenyewe zilivunja sheria.

Hapo njo wazo la sumaku lilipata nguvu. Badala ya kumusukuma mzazi, wakatafuta namna ya kumuvuta. Mwaka 1968, ku muji wa Tacoma, jimbo la Washington, shule ya msingi McCarver, yenye ilikuwa ya watoto weusi karibu wote, iligeuzwa kuwa shule yenye mafundisho mapya na ikafungua milango kwa watoto wa muji muzima. Inahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo. Mwaka uliofuata, ku Boston, shule ya msingi Trotter ikafungua ku kartiye ya Roxbury kwa kusudi lilelile. Tangu katikati ya miaka ya 1980, serikali kuu ya Marekani iko na mfuko wa feza wa kusaidia shule za sumaku, na kupunguza kutengana kwa watoto ni moja ya makusudi yake.

Kwa hiyo, hesabu ya watoto ku shule ya sumaku haiko pambo la karatasi. Shule iliundwa ili watoto wachanganyike. Kama kisha miaka 10 imejaa watoto wa kundi moja tu, kazi yake ya kwanza haikutimia, hata kama pointi ziko juu.

Louisville: kutoka bisi mpaka tombola

Mwaka 1975, shule za muji wa Louisville ziliunganishwa na zile za Jefferson yote, eneo lenye kuzunguka muji. Mwezi wa Septemba mwaka ule, bisi zikaanza kuvusha watoto kwa amri ya tribinali. Kulikuwa maandamano makali ya kupinga, mpaka wanajeshi wa jimbo wakaitwa kulinda bisi.

Amri hiyo iliondolewa mwaka 2000. Lakini viongozi wa shule wakaamua kuendelea kwa mapenzi yao wenyewe: karibu kila shule ilipaswa kuwa na watoto weusi wasiopungua asilimia 15 na wasiozidi asilimia 50. Mzazi mmoja aliyenyimwa nafasi kwa mtoto wake akashitaki. Tarehe 28 Juni 2007, Tribinali Kuu ikakata kesi hiyo pamoja na ingine ya Seattle, kwa sauti 5 juu ya 4: shule haiwezi kumupa ao kumunyima mtoto mmoja kiti kwa sababu tu ya rangi yake.

Tangu hapo, viongozi wa Louisville wanaangalia mtaa kuliko mtoto: watu wa mtaa huo wanapata feza kiasi gani, wazazi wamesoma mpaka wapi, na mtaa uko na watu wa namna gani. Mwaka 2023 walipitisha mabadiliko mengine juu ya shule za sumaku, yenye kupanua tombola na yenye kulenga kuachana na desturi ya kurudisha mtoto ku shule ya kartiye kwa sababu ya pointi ao mwenendo. Tutaona chini namna gani desturi hiyo inagusa pointi.

Nani anahesabiwa, na mtoto wetu yuko wapi ndani?

Kila shule ya serikali ku Marekani inatangaza kila mwaka hesabu ya watoto wake. Mzazi atakuta mistari mine mikubwa.

Mstari wa kwanza ni wa rangi na asili. Kuko weupe, weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa Asia, wenyeji wa kwanza wa nchi, na wenye kuchanganya. Mtoto aliyezaliwa Uvira, Fizi ao Masisi anaandikwa « mweusi », ndani ya kundi moja na mtoto ambaye wazazi wake wako Kentucky tangu zamani za utumwa. Wawili hawa wanaweza kufanana ku karatasi, lakini mmoja anasema Kiingereza tangu tumbo la mama, mwingine amekifungua mwaka jana. Kwa hiyo mstari huu peke yake hauwezi kumwambia mzazi wetu kama watoto sawa na wake wanaendelea vizuri.

Mstari wa pili ni wa umasikini. Zamani ulipimwa kwa chakula cha saa sita: mtoto wa familia yenye mapato yasiyozidi asilimia 130 ya kipimo cha umasikini cha serikali alikula bure, na yule wa mpaka asilimia 185 alilipa kidogo. Lakini tangu sheria ya 2010, shule yenye watoto masikini wengi inaweza kulisha wote bure bila kuuliza karatasi. Shule nyingi za Louisville zinafanya hivyo. Kwa hiyo mtu akiona kwamba watoto wote wanakula bure, asifikiri kwamba wote ni masikini. Ni lazima aangalie namna gani shule ilihesabu.

Mstari wa tatu ni wa watoto wenye kujifunza Kiingereza. Wakati wa kumuandikisha mtoto, shule inauliza lugha gani inasemwa nyumbani. Kama ni Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda ao ingine, mtoto anapimwa. Akionekana hajafikia kiwango, anaingia kundi hilo na anapaswa kupata masaada. Wazazi wamoja wanaandika « Kiingereza » kwa haya ao kwa kuogopa mtoto asitengwe. Matokeo yake ni kwamba mtoto anaweza kukosa masaada anayostahili.

Mstari wa ine ni wa watoto wenye ulemavu ao shida ya kujifunza. Hawa pia wako na haki ya mafundisho yenye kufaa hali yao.

Mtoto mmoja anaweza kuhesabiwa mu mistari mitatu kwa mara moja: mweusi, masikini, mwenye kujifunza Kiingereza. Na kama kundi fulani ni ndogo sana ndani ya shule, pointi zake zinafichwa, ili mtu asitambue matokeo ya mtoto fulani. Mahali wazi ku karatasi hapamaanishi kwamba kundi lilipata zero.

Pointi zinatoka wapi?

Sheria ya serikali kuu inaomba kila jimbo lipime watoto kila mwaka mu kusoma na hesabu, kuanzia mwaka wa tatu mpaka wa nane, na kutoa matokeo kwa kila kundi tulilotaja. Lengo ni kwamba shule isifiche watoto wenye kubaki nyuma ndani ya wastani nzuri ya wengine.

Ku Kentucky mtihani unagawa watoto mu ngazi ine: mwenye kuanza, mwenye kufuata, mwenye kuweza, na mwenye kuweza sana. Wakati gazeti linaandika « asilimia 45 walifikia kiwango », ni kusema wako mu ngazi ya tatu ao ya ine. Haimaanishi kwamba darasa lilipata 45 ku 100. Mzazi mwenye kuzoea bulletin ya kwetu, yenye 50 ni kupita na chini ya 50 ni kuanguka, anaweza kudanganyika hapa.

Kisha, shule nzima inapewa rangi, kuanzia nyekundu chini mpaka bluu juu. Ndani ya rangi hiyo kuko pointi za kusoma na hesabu, za sayansi na masomo mengine, maendeleo ya wenye kujifunza Kiingereza, na majibu ya watoto wenyewe wakiulizwa kama shule iko na usalama na hali nzuri.

Ile 3 ku 10 yenye kuogopesha wazazi kwa kawaida haitoki ku serikali. Inatoka ku tovuti ya shirika la binafsi, GreatSchools, lenye kuchukua matokeo ya serikali na kuyageuza namba kutoka 1 mpaka 10. Namba hiyo inaonekana tena ku tovuti za kuuza nyumba. Hivi namba moja inavuta familia zenye feza ku kartiye fulani, bei ya nyumba inapanda, na shule ya pale inapokea watoto wenye wazazi waliosoma zaidi. Mwaka unaofuata namba inapanda tena.

Mtego wa wastani

Tuchukue mfano wa shule mbili, si za kweli, ni za kufundishia tu. Kila moja iko na watoto 100.

Shule ya kwanza iko na watoto 80 wenye kusema Kiingereza nyumbani. Kati yao 48 wamefikia kiwango, ni kusema asilimia 60. Iko na 20 wenye kujifunza Kiingereza, na 4 wamefikia, ni asilimia 20. Jumla ni watoto 52 ku 100.

Shule ya pili iko na 30 wenye kusema Kiingereza nyumbani. Kati yao 21 wamefikia, ni asilimia 70. Iko na 70 wenye kujifunza Kiingereza, na 21 wamefikia, ni asilimia 30. Jumla ni watoto 42 ku 100.

Ku ubao wa matangazo, shule ya kwanza inashinda kwa 52 juu ya 42. Lakini angalia tena ndani. Watoto wenye Kiingereza wako vizuri zaidi ku shule ya pili. Wenye kujifunza Kiingereza nao wako vizuri zaidi ku shule ya pili. Shule ya pili inashinda mu makundi yote mawili, na bado wastani yake iko chini, juu tu ilipokea watoto wengi wenye safari ndefu.

Mzazi kutoka Kivu anayeangalia wastani peke yake angekimbia shule yenye ingemusaidia mtoto wake.

Jambo hili lilionekana tangu zamani. Mwaka 1966, mtaalamu James Coleman alitoa ripoti kubwa kwa ombi la serikali ya Marekani, kisha kupima wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Aliona kwamba hali ya familia ya mtoto, na hali ya watoto wenye kusoma naye, vinaeleza tofauti za pointi kuliko majengo na vifaa vya shule. Kusema hivyo si kusema mwalimu hana kazi. Ni kusema pointi za shule zinabeba vitu viwili kwa mara moja: kazi ya mwalimu, na maisha ya mtoto mbele ya kuingia mlangoni.

Ku shule za sumaku mtego ni mkubwa zaidi, juu mzazi njo anaomba. Mzazi mwenye kujua tarehe, mwenye gari, mwenye kusoma Kiingereza, ana uwezekano mkubwa wa kuomba. Kama shule inaomba bulletin nzuri ao majaribio ya sanaa mbele ya kupokea, inachuja tena. Na kama inaweza kurudisha watoto wenye shida ku shule za kartiye, inachuja mara ya tatu. Kisha pointi zinatoka juu, na watu wanasema shule hiyo inafundisha vizuri. Pengine ni kweli. Lakini namba yenyewe haijaonyesha.

Basi, sumaku yenyewe inasaidia?

Watafiti wamepata namna moja nzuri ya kujibu: tombola. Kama watoto wawili wameomba shule moja, familia zao zina hamu sawa. Mmoja ameshinda kwa bahati, mwingine amekosa kwa bahati. Ukiwafuata wote, tofauti yenye kuonekana kati ya kundi la walioshinda na kundi la waliokosa inaweza kusemwa inatoka ku shule.

Ku muji wa Hartford, jimbo la Connecticut, tribinali ya juu ya jimbo ilisema mwaka 1996 kwamba kutengana kwa watoto kwa rangi na asili kunavunja katiba ya jimbo. Shule nyingi za sumaku zenye kupokea watoto wa muji na wa pembeni zikafunguliwa. Mwaka 2009, watafiti Robert Bifulco, Casey Cobb na Courtney Bell walitoa uchunguzi wao: watoto wa muji waliosoma ku shule hizo za sekondari walipata faida mu pointi kuliko wenzao.

Lakini ku Chicago, uchunguzi wa Julie Cullen, Brian Jacob na Steven Levitt, uliotoka 2006, ulifuata wanafunzi walioshinda tombola za shule za sekondari za muji. Kwa jumla hawakuonyesha faida ya maana mu pointi za masomo juu ya wale waliokosa.

Kwa hiyo jina « magnet » mlangoni halitoshi. Inategemea shule gani, inafanya nini ndani, na inachanganya kweli watoto ao hapana. Na tukumbuke kwamba hizi chunguzi mbili zilihusu watoto wakubwa kuliko wale wa msingi.

Lugha inaomba miaka

Kuko jambo moja lenye kuumiza wazazi wetu sana. Mtoto amefika, miaka miwili baadaye anasema Kiingereza kama maji, anatafsiria hata mama ku hospitali. Lakini pointi zake za kusoma ziko chini. Mzazi anafikiri mtoto ni mvivu, ao mwalimu ni mbaguzi.

Mtaalamu Jim Cummins, wa Kanada, alieleza tofauti hiyo tangu miaka ya 1980. Lugha ya kucheza na kuongea inaweza kuja kwa miaka karibu miwili. Lugha ya vitabu, ya kueleza sababu na kulinganisha mawazo, inaomba miaka kama 5 mpaka 7. Mtoto aliyeanza masomo ku kambi, ao aliyeruka miaka kwa sababu ya vita, anaweza kuchukua muda zaidi.

Ndiyo maana pointi ya mwaka mmoja haimpimi vizuri mtoto wa namna hiyo. Angalia hatua yake. Ku Kentucky, mtoto mwenye kujifunza Kiingereza anapewa kila mwaka mtihani wa pekee wa lugha, wenye ngazi kutoka 1 mpaka 6. Kama mwaka jana alikuwa 1 na mwaka huu ni 2 na nusu, amepanda, hata kama mtihani wa kusoma bado unamuita « mwenye kuanza ». Sheria ya nchi inaruhusu pia jimbo lisimupe mtoto aliyefika chini ya mwaka mmoja ule mtihani wa kusoma kwa mara ya kwanza.

Bisi na tarehe

Shule inaweza kuwa nzuri na mtoto asiifikie. Agosti 2023, siku ya kwanza ya masomo ku Louisville, mpango mpya wa bisi ulianguka: watoto wamoja walifika nyumbani karibu saa 4 ya usiku, na shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Aprili 2024, kwa ukosefu wa mashofere, viongozi wakaamua kuondoa bisi kwa sehemu kubwa ya watoto wa shule za sumaku. Mzazi mwenye gari na kazi ya ofisi aliweza kupeleka mtoto. Mama mwenye kufanya kazi ya usiku ku kiwanda, bila gari, aliweza kulazimika kurudisha mtoto ku shule ya kartiye.

Hapo tunaona namna hesabu ya watoto inaweza kubadilika bila mtu kufukuzwa. Inatosha kuondoa bisi.

Tarehe nayo inachuja. Ku Louisville, maombi ya shule za sumaku yanafanywa miezi ya mwisho ya mwaka, kwa masomo yenye kuanza Agosti inayofuata. Familia iliyofika Februari inakuta viti vingi vimekwisha gawanywa. Inaweza kuuliza kama kuko nafasi iliyobaki ao orodha ya kungojea.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kuchagua

Ukiombwa shauri na ndugu wa kule, mwambie aulize shule mambo haya:

1. Watoto wenye kujifunza Kiingereza ni wangapi hapa, na asilimia ngapi kati yao walipanda ngazi mwaka jana?
2. Watoto weusi na watoto wa familia masikini wanapata pointi gani ku shule hii, ukiwalinganisha na makundi yaleyale ku shule ingine?
3. Mnapokea watoto kwa tombola ao kwa kuchagua? Mtoto akishindwa anarudishwa?
4. Kuko walimu wangapi wa kusaidia lugha, na wanakuja darasani mara ngapi?
5. Bisi inapita wapi, na saa ngapi? Kama bisi hakuna, nani atamleta mtoto wakati wa baridi?

Na mwambie asiogope kuuliza kwa Kiswahili. Sheria ya haki za raia ya 1964 inakataza ubaguzi kwa sababu ya asili, na kutokana nayo shule inapaswa kuongea na mzazi mu lugha anayoelewa, bila malipo. Mtoto asigeuzwe mkalimani wa mkutano wenye kumhusu yeye mwenyewe. Mwaka 1974, kesi ya Lau iliamua kwamba shule haiwezi kumwacha mtoto darasani bila masaada ya lugha. Mwaka 1982, kesi ya Plyler iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa sababu hana karatasi za kukaa mu nchi.

Na kwetu huku?

Sisi pia tunapenda namba moja. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa masomo ya msingi yakitoka, shule zinapiga ngoma: « asilimia 100! » Watu wachache wanauliza ni watoto wangapi walianza mwaka wa kwanza, wangapi walifika mwaka wa sita, na wangapi waliambiwa warudie mwaka wa tano ili wasiharibu asilimia.

Tangu Septemba 2019, serikali yetu ilianza kutekeleza masomo ya msingi ya bure, yenye katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuandika ku kifungu cha 43. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Madarasa yakajaa, na wazazi wamoja wenye uwezo wakapeleka watoto wao ku shule za kulipa, wakisema shule za Leta zimeshuka. Lakini shule yenye kupokea watoto 90 ndani ya chumba kimoja, wamoja wakiwa wamekimbia vita, haiwezi kupimwa na kipimo kilekile cha shule yenye watoto 30 waliochaguliwa. Ikiwa kati ya hao 90 wengi wanamaliza mwaka wakijua kusoma, mwalimu wao amefanya kazi kubwa kuliko namba ya ukutani.

Kule Louisville na huku kwetu, ulizo la kwanza ni moja: hii pointi ni ya watoto gani, na walianza wapi? Mzazi akipata jibu la hayo mawili, ataweza kumpa ndugu yake shauri bila kuogopeshwa na 3 ku 10.